Shali Tatu za Nyumba Moja

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake hakikuwa sura wala sauti. Kilikuwa kitambaa chake cha jasho.

Mafundi wengi wa kutengeneza cherehani wakishatia mafuta kwenye mashine huokota nguo yoyote iliyo karibu na kuishona mstari mmoja miwili ili mafuta yaliyozidi yanyonywe. Fundi aliyekuja kabla yake aliokota gauni la mteja. Shangazi alimsindikiza na rula ya mbao mpaka barabarani. Huyu alitoa kitambaa chake mfukoni, cheupe, kimekunjwa mara nne, akakiweka chini ya sindano na kushona mstari mmoja mrefu. Akautazama. Akashona wa pili. Wa tatu ulipotoka mkavu, alikikunja kitambaa na doa lake, akakirudisha mfukoni, kisha akahamia mashine ya pili.

"Sasa unaweza kushona hata shela ya bibi harusi," alimwambia Shangazi.

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu karibu na dirisha, sindano mkononi. Nilijisemea moyoni, huyu ni mtu anayekubali doa liwe lake. Nikainama haraka maana alikuwa amegeuka.

Watu humwita Mafuta, kwa sababu ya kile kikopo chenye mdomo mrefu anachotembea nacho. Ukimwona utacheka, maana ni mwembamba kama uzi. Kila mwezi huja mara moja kuzihudumia cherehani tatu za Shangazi yangu. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na dirisha linalotazamana na kliniki ya wajawazito. Kwa sababu ya dirisha hilo, kazi yangu ipo. Nadarizi majina ya watoto kwenye shali zao, kwa mkono.

Shule niliiacha darasa la tano, daftari la hesabu likiwa limejaa nusu. Nusu iliyobaki nimeijaza majina. Mteja akija namwuliza swali moja tu, "Kwa nini hilo?" Ndilo swali pekee ninaloweza kumwuliza mgeni bila kuona haya. Nao hujibu mpaka wakajisahau. Chausiku alizaliwa umeme umekatika, mkunga akimpokea kwa kupapasa. Sikudhani, mama yake alidhani ni gesi tumboni mpaka mwezi wa sita. Pili na Tatu, baba yao ni karani, hapendi kupoteza muda. Rehema na Salama yalitoka Uarabuni zamani sana, yakakaa kwetu mpaka yakasahau njia ya kurudi. Yote nayaandika, jina, maana na sababu.

Mafuta aligundua daftari hilo mwezi wa pili. Tangu hapo, kila akija, hujifuta mikono kwanza kisha huuliza, "Leo kazaliwa nani?" Mimi humgeuzia ukurasa asome mwenyewe. Ni rahisi kuliko kusema.

"Na mimi?" aliniuliza siku moja. "Ukisikia 'Mafuta' unaandika nini?"

Nilifikiri kidogo, nikaandika: *Mafuta. Jina la utani. Maana yake mtu asiyewachafulia wengine nguo.*

Alisoma. Akasoma tena. Akasahau kubana skrubu, na Shangazi alipokanyaga cherehani gurudumu likatoka likabingirika mpaka mlangoni.

"Fundi!" Shangazi alipiga kelele. "Umekuja kutengeneza au kuvunja?"

"Samahani, Shangazi. Macho yangu yalikuwa kwingine."

"Nimeyaona yalipokuwa. Yarudishe."

Tulipobaki wawili aliniambia kwa sauti ya chini, "Jina langu la cheti usiliandike humo. Ni jina la kitu kinachofagiliwa kikatupwa nje. Sijui wazazi wangu walionaje siku waliponitazama." Alicheka aliposema hivyo. Lakini kicheko chake hakikufika machoni, na mimi macho yake nilikuwa nimeshayajua.

Alipokuja mara ya tano, alikisahau kitambaa chake juu ya meza ya kukatia. Alirudi mbio kukiulizia. Shangazi alipindua duka zima. Mimi pia nilipiga magoti nikatafuta chini ya meza pamoja nao. Hakikuonekana. Akanunua kingine.

Basi, mwezi uliofuata ndio uliokuja na zile shali.

Wa kwanza alikuwa Mama Mikate, mwenye tanuri la mikate nyuma ya soko, mwanamke wa kicheko kinachotangulia kuingia kabla yake. "Binti yangu kajifungua baada ya miaka saba!" alisema. "Msichana! Andika Tunu, kwa uzi wa dhahabu, herufi kubwa mtu aweze kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara."

"Kwa nini hilo?"

"Tunu ni kitu cha thamani unachopewa hukukitarajia, ukakitunza. Sasa mwanangu, mtu akisubiri miaka saba akapata, utakiita nini? Na wasiambiwe. Nataka kuwashtua." Kwenye kikaratasi cha oda aliandikisha anwani: nyumba ya geti la bluu, nyuma ya kinu cha unga.

Siku mbili baadaye Mafuta alikuja bila kikopo chake. "Leo mimi ni mteja," alisema akitabasamu. "Mdogo wangu na mkewe wamepata mtoto. Wamechagua Faraja. Wamenituma kimyakimya, maana huko nyumbani kila mtu ana jina lake kichwani."

"Kwa nini hilo?"

"Shemeji kasema kitu kimoja tu. Alipowekewa mtoto kifuani, moyo ulitua." Aliinama akaandika anwani mwenyewe. Nyumba ya geti la bluu, nyuma ya kinu cha unga.

Nilisoma. Nikasoma tena. Mtoto mmoja, shali mbili, majina mawili. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Duka letu lina sharti moja, na Shangazi hulisema kila siku kama sala: *jina halitoki mlangoni kabla ya mwenyewe.* Siri ya mteja ni ya mteja.

"Unataka kusema kitu," Mafuta alisema.

Nikatikisa kichwa.

"Nimehesabu, unajua. Tangu tujuane umeniambia maneno thelathini na moja. Kumi na mbili ni 'ndiyo'." Akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yakigusana na meza. "Sikiliza. Jumamosi ndiyo siku ya kumpa mtoto jina. Ndugu wote watakuwepo. Nataka uje. Nataka Mama akuone."

Sindano ilisimama.

"Nimeshamwambia habari zako," alisema, na sasa yeye ndiye aliyetazama chini. "Nisikudanganye, hakufurahi. Ni mwalimu mstaafu. Swali lake la kwanza lilikuwa, 'Kamaliza shule?' Nikamwambia ukweli. Lakini akikuona... utakuja?"

"Ndiyo," nikasema.

"Kumi na tatu," alisema, akatoka akipiga mluzi.

Ijumaa ya wiki ile akaingia mwanamke mrefu, miwani kwenye mnyororo, mkoba ameubana kwapani. Aliliangalia duka kana kwamba analisahihisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Niite Mwalimu, kila mtu huniita hivyo. Wewe ndiye unayedarizi? Nataka shali ya mtoto. Kitambaa cheupe, uzi mweupe. Jina liwe upande wa ndani, unaogusa mgongo wa mtoto, herufi ndogo. Asilione mtu."

Sikuwahi kupata oda ya jina lisilotakiwa kuonekana. "Jina gani, Mwalimu?"

Alitazama mlango kwanza. "Tabu."

"Kwa nini hilo?"

Alivua miwani. "Nitakwambia kwa sababu hunijui, na mimi sikujui. Kabla mwanangu wa kwanza hajakaa, wawili walitangulia. Hawakumaliza hata mwezi. Huyu wa tatu alipokuja, mama mkwe wangu akaniambia, mpe jina baya, mauti yakipita yasimtamani. Nilimcheka. Nilikuwa mwalimu kijana, nina cheti ukutani. Lakini nilimpa."

"Akakaa?"

"Akakaa! Ana miaka thelathini, ana kiburi na bisibisi." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Hajui. Nyumbani kwetu habari za wale wawili hazikuzungumzwa kamwe. Anadhani hatukumpenda. Na sasa mjukuu kaja baada ya miaka saba, mimi kila nikimwangalia moyo unadunda. Miaka thelathini na moja nimewaambia watoto wa watu kwamba jina halileti wala halizuii kitu. Wakinisikia leo watanicheka. Lakini bibi si mwalimu, mwanangu. Bibi ni bibi."

Alinyanyua kikaratasi changu akasoma nilichoandika. Alitoa kalamu nyekundu mkobani, akanisahihishia herufi mbili, kisha akaweka alama ya vema bila hata kujua anafanya nini. Anwani aliiandika mwenyewe. Nilikuwa nimeshaijua kabla hajamaliza.

"Na huyo mwenye bisibisi," aliendelea, maana mtu akishaanza kusema dukani kwetu hasimami, "ndiye anayetaka kuniua kwa presha. Kaniletea habari za msichana ambaye hata shule ya msingi hakumaliza! Anashona sijui nini huko."

Sindano iliniingia kidoleni.

"Umejichoma?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Tulia, usitingishike, shona. Sasa kama wewe hivi. Una adabu, una mkono mzuri, unasikiliza. Angeniletea wewe, ningesema nini? Ningenyamaza. Lakini huyo wake, nani anamjua?"

Nilishona. Ningefanyaje? Ningemwambia, "Mwalimu, ndimi"? Koo langu halijawahi kubeba mzigo mkubwa namna hiyo. Alipoondoka nilinyonya damu kidoleni, nikaandika daftarini, na nilipofika kwenye sababu, nilimwona Mafuta akicheka kile kicheko kisichofika machoni. Dawa yake nilikuwa nayo kwenye ukurasa, na sikuwa na ruhusa ya kuitoa.

Zile shali nilizitenga rafu tatu mbalimbali. Nilipanga kumkabidhi kila mwenyewe mkononi.

Jumamosi asubuhi nilivaa gauni langu la maua, nikaenda kununua uzi wa kumalizia shali ya mteja mwingine. Niliporudi, rafu zilikuwa tupu.

"Shangazi, shali zangu?"

"Zile za geti la bluu? Nimeziona zote tatu ni za nyumba moja, nikazipiga pasi, nikazifunga mfuko mmoja. Mafuta kazibeba sasa hivi." Alijipangusa mikono kwa furaha. "Si nimekupunguzia kazi?"

"Shangazi!"

"Nini tena? Na pasi nimepiga bure."

Nilikimbia. Mimi ambaye sijakimbia tangu darasa la tano, nilipita sokoni, nikapita kinu cha unga nikatoka na vumbi jeupe kichwani, nikafika kwenye geti la bluu nikihema. Mafuta alikuwa barazani, shati limenyooka. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

"Umekuja! Tena mbio!"

"Mfuko," nikasema.

"Mfuko?"

"Uko wapi?"

"Anao Mama Mikate, ndani. Ndio anaufungua. Kwani..."

Nilimpita. Sebule ilikuwa imejaa watu, wajomba kwenye viti, kina mama kwenye mkeka, na mama mtoto katikati, mtoto mapajani. Mama Mikate alikuwa ameshaivuta shali ya kwanza.

"Tunu!" alishangilia akiitandaza juu ya kichwa chake. "Oneni dhahabu hiyo! Mjukuu wangu ni Tunu!"

Watu wakapiga makofi. Mama mtoto na mumewe wakatazamana. Mama Mikate akatia mkono tena mfukoni, akatoka na ya pili, uzi wa buluu.

"Fa-ra-ja. Hii ya nani?"

"Ni yetu, mama," binti yake alisema polepole. "Tumeshachagua."

"Mmechagua bila mimi? Nani alikukanda maji ya moto siku saba?"

"Ni wewe, mama."

"Nani alilala sakafuni?"

"Ni wewe. Lakini nani alizaa?"

Wajomba wakaangua kicheko. Mama Mikate naye akakaribia kucheka, akajizuia, akatia mkono mara ya tatu. Shali nyeupe, tupu. Aliigeuza huku na huku.

"Hii haina kitu."

"Nipe hiyo," Mwalimu alisema kwenye kiti chake, mkono ameunyoosha. "Ni ya kubadilishia tu."

"Ngoja, ngoja." Mama Mikate alikuwa amefumba macho, vidole vikitembea juu ya kitambaa. "Vidole hivi vinajua unga umeumuka kabla macho hayajaona. Kuna kitu hapa." Akaenda dirishani, akaiinua kwenye mwanga wa jua. "T... A... B..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

"Tabu?" Mama mtoto alimkumbatia mwanawe. "Nani anamwita mwanangu Tabu?"

"Mwenye kijicho!" Mama Mikate alifoka. "Tena kaficha! Nani kaishona hii?"

Mafuta alinitazama. Ndugu wote wakamfuata kwa macho, na macho yote yakaishia kwangu, mlangoni, na unga kichwani. Mimi nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuwahi kuonekana mfupi, lakini siku ile alikuwa mfupi.

"Mimi," nikasema.

"Nani kakuagiza?"

"Siwezi kusema."

"Kwa nini huwezi?"

"Jina halitoki mlangoni kabla ya mwenyewe."

"Limeshatoka! Nimelishika mkononi!"

"Jina limetoka, Mama. Mwenye kuagiza bado."

"Mwacheni," Mafuta alisema akinisogelea. Uso wake ulikuwa umekufa rangi. Siku aliyoingoja ndiyo hii, na mimi ndiye ninayesemwa nimemtakia mabaya damu yake. "Kama hawezi kusema, hawezi."

"Wewe baba mkubwa usiye na mke, kaa kimya!" Mama Mikate alimkatiza.

Ningeweza kunyoosha kidole tu. Ningesafika palepale, na yule aliyekuwa akinikataa angebaki na aibu yake mbele ya wakwe. Nakiri nililifikiria, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha nikakumbuka ile alama ya vema kwenye kikaratasi, na mkono ulioiweka bila kujua.

"Daftarini mwangu kuna majina mia mbili na arobaini," nilianza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya. "Mengi ni mazuri. Mabaya ni tisa. Yale mazuri huletwa na watu wanaocheka. Haya tisa, kila mmoja aliyeniletea alikuwa karibu kulia. Hakuna aliyemchukia mtoto. Walikuwa wanamficha. Mtu akiwa na kitu cha thamani na njiani kuna mwizi, si hukifunga kwenye gazeti kuukuu? Mwizi akipita anaona takataka, anaendelea na safari. Ndiyo maana liko ndani. Ndiyo maana uzi ni mweupe. Aliyeagiza hakutaka mtoto aitwe Tabu. Alitaka Tabu impite."

Nadhani maneno yale yalizidi yote niliyoyasema mwaka mzima.

Kiti kikakwaruza sakafu. Mwalimu alikuwa amesimama.

"Pumzika, mwanangu," aliniambia. "Ni mimi."

"Mkwe mwenzangu!" Mama Mikate alishika mdomo.

"Ni mimi. Niliwazika wawili kabla ya huyu." Alimwonyesha Mafuta kwa kidevu. "Sikuwaambia. Sikuweza. Huyu alipokuja nilimpa jina la takataka, nikakaa mlangoni nikiomba mwizi asisimame. Hakusimama."

Mafuta hakutikisika. "Kwa hiyo jina langu, Mama..."

"Jina lako ni gazeti kuukuu," Mwalimu alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa ndani."

Alimfuata mama yake katikati ya mkeka akiruka miguu ya wajomba, akamkumbatia mpaka miwani ikaning'inia kwenye mnyororo wake. Alipoinua uso alikuwa analia na kucheka pamoja, na safari hii kicheko kilifika machoni na kuvuka.

"Miaka yote unanisahihisha matamshi," Mama Mikate alisema akijifuta kwa ncha ya shali ya dhahabu, "kumbe unaogopa kama sisi!"

"Naogopa kuwazidi. Mimi nina cheti."

Nyumba nzima ikacheka, wajomba wakajipiga mapaja. Mama mtoto akaichukua ile shali nyeupe, akaitandaza, akamlaza mwanawe, Tabu ikimgusa mgongo. Juu yake akamfunga Faraja. Mama Mikate hakungoja kuambiwa, akamzungushia Tunu nje kabisa, dhahabu ionekane.

"Cheti kitasema Faraja," mama mtoto alisema.

"Nitamwita Tunu."

"Utamwita Tunu, mama. Nani atakuzuia?"

Mtoto, amefungwa kama kabichi, alipiga chafya. Kila mtu akasema jina lake kumwombea afya, majina mawili kwa mara moja, na la tatu nililiona likipita kimya kwenye midomo ya Mwalimu.

Hapo Mafuta akanishika mkono. Mbele za watu. Sikuwa nimewahi kushikwa mkono mbele za watu.

"Mama," alisema, "huyu ndiye."

"Ndiye nani?"

"Niliyekwambia. Anayeshona."

Mwalimu alivaa miwani. Akanitazama kuanzia unga wa kichwani mpaka vumbi la miguuni. "Wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jana nakueleza habari za msichana, msichana mwenyewe alikuwa wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ukaendelea kushona!"

"Ulisema nisitingishike."

Mama Mikate alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Usimwone kobe kainama! Mkwe mwenzangu, umepatikana leo!"

Mwalimu hakucheka. Alinizunguka polepole, kama mtu anayekagua daftari ukurasa kwa ukurasa. "Miaka thelathini na moja," alisema, "nimewafundisha maelfu kusema. Sijampata hata mmoja anayejua kunyamaza namna hii." Akageuka kwa mwanawe. "Shule atamalizia hapa, kwenye meza hii, jioni, na mimi. Hilo halina mjadala. Na hilo daftari la majina mia mbili nataka nilisome."

"Lina makosa mengi, Mwalimu," nikasema.

"Kalamu nyekundu ninayo." Midomo yake ilikuwa inacheza, akijizuia kutabasamu. "Lakini kunyamaza kwa leo basi. Ukininyamazia sasa nakupa sifuri. Huyu anasema anakupenda, tumemsikia hadi tumechoka. Upande wa pili sijausikia. Jibu. Kwa sauti, darasa zima lisikie."

Nilimtazama Mafuta. Mkono wake mmoja ulikuwa umeushika wangu, mwingine ulikuwa na kitambaa chake kipya, amekikunja mara nne, kimelowa machozi. Alikuwa amesimama wima, anangoja, kama mtu ambaye angekubali hata "ndiyo" ya kumi na nne. Nilijua angeihesabu, angeondoka nayo akipiga mluzi.

Haikutosha.

"Kile kitambaa chako cha kwanza," nikasema.

Alipepesa macho. "Kilichopotea?"

"Hakikupotea. Nilikiiba. Kiko chini ya mto wangu." Nilisikia mtu akivuta pumzi kwenye mkeka. Sikusimama, maana ningesimama nisingeanza tena. "Kina mistari arobaini na mitano. Nimeihesabu yote. Nakupenda tangu ule wa kwanza."